Harufu ya Shungi

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya mswaki, Mize Faki aliingia katika chumba kisicho na dirisha, akakaa kwenye kigoda, akafumba macho na kunusa kitu kilichokuwa umbali wa kilomita milioni mia mbili.

Lilitangulia yai viza. Hilo halikukosa hata siku moja. Nyuma yake likaja banda la punda, kisha njiti ya kiberiti iliyowashwa na kuzimwa papo hapo, kisha spiriti, ile ya kufutia mkono kabla ya sindano. Mwisho kabisa, kwa aibu, ikanyemelea lozi chungu.

"Umeamkaje, Shungi?" Mize alisema kimoyomoyo, kama alivyosema kila siku kwa miaka miwili.

Shungi ilikuwa nyota mkia. Walioiona kwanza waliipa jina hilo kwa ajili ya zile nywele nyeupe zilizosimama kichwani mwake ilipoanza kulikaribia jua. Chini ya nywele ulikuwa mlima wa barafu na masizi, upana wake kilomita nne, uliozaliwa kabla dunia haijawa na bahari, na ambao tangu kuzaliwa haukuwahi kuota jua isipokuwa safari hii. Pembeni yake kilielea chombo kidogo kama friji, kilichoundwa Tanga na kupewa jina la Ngawa. Kazi ya Ngawa ilikuwa kunusa. Mvuke uliotoka kwa Shungi ulivutwa puani mwake, chembe zikapimwa uzito, zikahesabiwa, na hesabu ikasafiri dakika kumi na moja mpaka Kituo cha Magamba, juu milimani Usambara. Huko, nyuma ya ukuta wa chumba cha Mize, mitungi arobaini na mmoja ikafungua midomo, kila mmoja kwa kiasi ulichoambiwa. Harufu ya lozi chungu ilikuwa mwigo tu. Ile yenyewe ni sumu, na kituo hakikuwa na wanusaji wa kupoteza.

Kompyuta ilikuwa imekwisha kuyaona yote hayo katika vilima vya grafu. Lakini kompyuta huona uzito mmoja mmoja. Pua husikia zote kwa pamoja, kama mtu anavyosikia ngoma, na mpigaji mmoja akikosea, pua hugeuza shingo. Mara mbili Mize aligeuza shingo, na mara mbili wakakuta kitu kilichokuwa kimejificha nyuma ya kilima kikubwa: kwanza siki, halafu ile harufu ya rangi mbichi ya mlango.

"Mpemba!" Sauti ya Shekue, fundi wa mitungi, ilikwaruza kwenye spika. "Umelala?"

"Nipo kazini, Msambaa. Kazi yangu haina kelele kama yako."

"Basi kaa vizuri. Jana Ngawa kaleta wageni watatu, wazito hao, hatujapata kuwaona. Nimewafungia mitungi mipya. Dokta kasema usikie wewe kwanza kabla hatujapiga vigelegele."

Mize akacheka, akafumba macho tena.

Mtungi wa kwanza ulifunguka, akasikia sukari inayoungua. Wa pili ulikuwa sandali. Wa tatu ulikuja taratibu, mkavu, mkali, wenye kuwasha juu ya ulimi: vikonyo vya karafuu vilivyokaangwa mpaka vikakaribia kuungua, na kuondolewa jikoni wakati huohuo, si kabla, si baada.

Chumba kikayeyuka. Kigoda alichokalia kilikuwa kizingiti cha nyumba ya Wete. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati, na bibi yake, Bi Kazija, alikuwa ameinama juu ya sufuria akikoroga udi kwa mwiko wa mpingo, akisema bila kugeuka: *Nusa, mjukuu wangu. Nambie bado nini.*

Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, Mize alifumbua macho kabla harufu haijesha.

*

Pale nje walikuwa wakimsubiri. Ukungu wa Magamba ulikuwa umeingia mpaka barazani, na katikati ya ukungu huo alisimama Dokta Namkunda Mchomvu, mkuu wa kituo, mama wa Kipare mwenye miaka sitini na mitatu, kanga begani juu ya koti la maabara.

"Mia moja sitini na nne!" alisema. "Mize, mwanangu, uzito wa mia moja sitini na nne! Pete ya kaboni, na pete hiyo ina mikono ya oksijeni! Unajua tumeitafuta kwenye nyota mkia ngapi? Nane. Nane, na zote tumezichemsha."

Shekue alikuwa amekwisha kuanza kucheza peke yake.

Hapakuwa na mtu Magamba asiyejua maana ya namba ile. Kule mwezini, katika bonde lisiloingia jua, kulikuwa na mji wa watu elfu tatu uitwao Bondeni, na mji ule ulikuwa unaishiwa maji. Barafu yake ilikuwa imekwisha kukwanguliwa. Ndiyo maana nyota mkia zilikuwa zikikamatwa, zikatiwa kwenye mtambo mkubwa ulioitwa Chungu, zikachemshwa na maji yake kupelekwa Bondeni. Lakini palikuwa na sheria moja. Nyota mkia yenye pete za kaboni zilizoota mikono haichemshwi, kwa kuwa hizo ndizo ngazi ya tatu katika ngazi za chini za kitu kinachoweza kuishi. Hakuna anayetaka kuchemsha yai kabla hajajua ni la ndege gani. Chungu kilikuwa tayari njiani kuifuata Shungi, na Baraza la Maji ya Anga lingekaa Jumamosi kuamua. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Haya, umesikia nini?" Dokta aliuliza.

Mize alimtazama. Mwanamke huyu alimfundisha kila kitu alichokijua juu ya anga. Mara ngapi walikaa wote wawili barazani hapa wakizungumza juu ya Shungi kama watu wanavyozungumzia mtoto wa dada! Walikuwa wakiogopa Jumamosi tangu mwaka jana.

"Tamu," alisema. "Nimesikia tamu."

"Tamu!" Dokta akamkumbatia. "Kaandike."

Njia ya kwenda ofisini kwake ilipita mbele ya kabati la kioo lililokuwa mlangoni mwa kituo. Ndani yake palikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa pembe nne, na kibao: *Kilemba cha Ngawa. Kiliifunika pua ya chombo kutoka karakana ya Pongwe mpaka kiwanja cha kurushia.* Kwa miaka miwili Mize alikuwa amepita hapo bila kusimama. Leo alisimama.

Wakati ule alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa karakana. Miezi tisa hakupaka mafuta ya nywele, hakujifukiza, hakutia hata asumini, kwa sababu pua ya Ngawa ilikuwa ikisikia kila kitu. Harusi ya binamu yake alikwenda akinuka sabuni ya maabara, mashangazi wakanong'ona. Kisha siku ya mwisho akapewa kitambaa akakinyooshe. Akakipeleka kwa bibi yake, aliyekuwa amekuja Tanga kumtembelea, maana pasi yake ilikuwa nzuri.

"Kinakwenda wapi hiki?" Bi Kazija aliuliza.

"Safari, bibi. Mbali. Miaka kumi na moja."

"Na hamjakifukiza?"

Mize alijua sheria ya karakana. Lakini kwao mtu hatoki kwenda safari ya miaka na nguo isiyopata moshi; maharusi hufukizwa, mahujaji hufukizwa, na yule anayekwenda asirudi hufukiziwa sanda. Akajiambia kwamba kitambaa si chombo. Kitavuliwa kabla ya kurushwa. Akakitandaza mwenyewe juu ya chetezo, kwa mikono yake miwili, moshi ukapanda ukakijaza kama tanga, na bibi yake akasema, "Sasa nenda salama." Hakikukaa puani mwa Ngawa zaidi ya saa sita.

Saa sita zilitosha. Vyombo vya anga hutoka jasho. Kila kilichovigusa vikiwa duniani hujificha kwenye viungo vyake na kulala kwa baridi. Jua likivipasha, kinaamka. Ngawa na Shungi walikuwa wanalikaribia jua pamoja, wakapata joto pamoja, wakaanza kunukia siku moja.

Mize alikigusa kioo. Hakikunukia kitu. Kilikuwa kimefungwa vizuri.

*

Jumanne alasiri kaka yake Ussi alipiga simu kutoka Bondeni. Kila neno lilichukua muda kidogo kwenda na muda kidogo kurudi, kwa hiyo walikuwa wamejizoesha kusema yote kisha kunyamaza, kama watu wawili wanaopokezana mzigo.

"Mize! Wambaje? Mie sijambo, najipangusa kwa kitambaa kibichi kama mtu anavyofuta kioo, mara moja kwa siku mbili. Mke wangu anasema nimeanza kunuka kama ile nyota yenu. Nimemwambia basi nami wanilinde kwa sheria."

Mize alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipomtoka hayakutaka kurudi.

"Zuwena hajambo?"

"Hajambo. Kachora bahari leo shuleni." Ussi alisogeza karatasi mbele ya kamera. Palikuwa na kikombe kikubwa cha buluu, na watu wawili wamekaa ukingoni, miguu yao ikining'inia ndani. "Mwalimu kamwuliza, bahari ina mkono wa kushikia? Kasema, sasa watu wataichukuaje?"

Zuwena alikuwa na miaka mitano. Alizaliwa Bondeni. Hakuwahi kuona maji yaliyozidi bilauri.

"Tumesikia habari," Ussi akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Kwamba Shungi imepona. Watu hapa wamepokea vizuri, usidhani vingine. Bibi mmoja kasema, kama ni mimba ya kitu, basi iacheni. Nyingine inayofaa itapita baada ya miaka tisa. Watafunga nusu ya mji. Watu watarudishwa huko chini kwa kura."

"Na Zuwena?"

Swali likaenda. Ussi akaukunja mchoro.

"Mifupa yake ni ya huku, Mize. Daktari anasema kule chini atalala chali mwaka mzima kabla hajasimama. Huenda akasimama." Akainua mkono kabla dada yake hajasema neno. "Lakini mie sikukuuliza kitu. Na weye usinijibu kitu. Kazi yako ni kazi yako. Sitaki kesho isemwe kwamba mlango huu kausukuma Ussi."

Baada ya simu Mize alikaa na mkono mdomoni. Sasa alikuwa amefungwa pande zote mbili. Akisema kweli, Shungi itachemshwa: mlima ule wenye kuona haya, uliokaa gizani miaka yote ile bila kupikwa na chochote, na ambao alikuwa akiamkia harufu yake kuliko alivyowahi kuamkia ya mtu yeyote. Na watu watasema kwamba amesema kwa ajili ya kaka yake. Akinyamaza, Shungi itaishi, na Zuwena atalala chali.

Lakini kilichomkera zaidi ni kwamba hakuwa na hakika. Pua yake ilikuwa na hakika. Yeye hakuwa nayo.

*

"Kigeuze Ngawa," alimwambia Dokta Namkunda Jumatano asubuhi. "Kitazame kwingine, kisiitazame Shungi. Kwa siku moja tu, pua ikiwa na joto lilelile. Harufu ikiondoka, ni ya Shungi. Ikibaki, ni yetu."

Walikuwa jikoni mwa kituo. Dokta alikuwa akimenya viazi, kama alivyopenda kufanya akiwa na furaha.

"Tulikwisha kugeuza mwaka jana. Palikuwa patupu."

"Palikuwa na baridi, Mama."

"Na sasa pamebaki siku tatu. Nipoteze moja kutazama giza? Kwa nini?"

Mize akamwambia. Alimwambia yote: miezi tisa, pasi, chetezo, mikono yake miwili. Hakumsingizia bibi yake hata kwa neno moja. Kisu cha Dokta kilisimama katikati ya kiazi.

Dokta alizima jiko chini ya birika.

"Bi Kazija yuko wapi sasa?" Dokta aliuliza.

"Amefariki. Mwaka wa nne huu."

"Na udi wake, nani mwingine aliupika hivyo?"

"Hakuna. Mimi peke yangu ninao mkono wake."

"Kwa hiyo duniani kote," Dokta alisema polepole, "yupo mtu mmoja tu anayeweza kuijua harufu hiyo. Na huyo mtu juzi aliniambia kwamba amesikia tamu."

Mize aliokota ganda la kiazi sakafuni.

"Nane, Mize. Nimezitia nane kwenye Chungu kwa saini yangu. Kila moja niliisoma mpaka nikaijua. Maji yake mazito, mara tatu kuliko ya bahari yetu, sukari zake, chumvi zake. Kisha nikatia saini. Ya nane nililia ofisini nimefunga mlango." Akakitazama kiazi kama kitu asichokijua. "Tusipokigeuza chombo, hatujui. Na mtu asiyejua hajasema uongo."

"Mimi najua."

"Wewe unadhani."

"Basi nigeuzie, nijue."

Dokta akaosha mikono, akaifuta kwa kanga. Alipofika mlangoni alisimama akiwa amempa mgongo.

"Mwambie Shekue," alisema. "Mwambie nimesema mimi."

*

Alhamisi, saa nne asubuhi, Ngawa alikuwa ameipa Shungi mgongo na kuelekeza pua yake mahali pasipo na kitu: hakuna barafu, hakuna vumbi, kuna weusi mtupu unaokwenda bila kufika.

Mize aliingia chumbani. Shekue, ambaye kwa kawaida hakosi la kusema, alisema tu, "Nafungua, dada," na kufungua.

Yai viza halikuja.

Alilisubiri. Alisubiri banda la punda, kiberiti, spiriti. Hakuja hata mmoja wao. Palikuwa na hewa safi isiyo na mtu ndani yake, na Mize alijikuta anaelea katika hewa ile kama anayelala usingizi na kujiona amelala. Akasema moyoni, *Nikisikia patupu, nimekosea. Ewe Mola, nisikie patupu.*

Ndipo ikaja sukari, tena bila haraka, kwa kuwa haikuwa na wa kugombana naye. Sandali ikaishika mkono. Vikonyo vikafuata. Hapo katikati ya weusi usio na mwisho, mbali kuliko alivyowahi kufika mtu yeyote wa Wete, Bi Kazija alikuwa amekaa kwenye kibao chake akikoroga udi, na hakuonekana kushangaa kwamba mjukuu wake amemfuata mpaka huko.

*Nusa. Nambie bado nini.*

"Hakuna kilichobaki, bibi," Mize alisema kwa sauti. "Umeiva."

Alikaa mle mpaka Shekue alipobisha hodi.

*

Mbele ya Baraza la Maji, Jumamosi, nyuso ishirini na moja zilimtazama kutoka kwenye ukuta wa vioo. Dokta Namkunda alikaa kando yake. Mwenyekiti alikuwa bwana mpole mwenye miwani ya kamba.

"Bi Mize, una kaka anayeishi Bondeni?"

"Ndiyo. Ana mtoto pia."

"Na ushahidi huu umeupata kwa pua yako?"

"Nilianza kwa pua."

"Utuwie radhi, lakini unaona mwenyewe jinsi jambo hili linavyoonekana. Siku tano umenyamaza. Leo unatuambia kwamba ugunduzi mkubwa kuliko wote wa kituo chako ni moshi wa bibi yako, na ugunduzi huo ukifutwa, kaka yako atapata maji. Kwa nini tuiamini pua yako?"

"Msiiamini," Mize alisema. "Nilivunja sheria ya karakana nikiwa na akili zangu, na Jumatatu nikamdanganya mkubwa wangu mchana kweupe. Mimi si mtu wa kuaminiwa. Chombo kiko hapo. Amri za kukigeuza tumewapa. Kigeuzeni wenyewe, mara mbili, mara kumi, na mtu wenu akae chumbani. Kitakachobaki puani mwake Shungi ikiwa haipo, si cha Shungi."

Mwenyekiti akamgeukia Dokta. "Na wewe, Dokta? Ndilo jina lako lililotangulia kwenye tangazo."

Dokta Namkunda alivuta pumzi. Mize hakuthubutu kumtazama.

"Liondoeni tangazo," alisema. "Tulifurahi kabla ya wakati."

Walikigeuza mara tatu. Jumatano iliyofuata, uamuzi ukatoka. Walipoutoa udi wote kwenye hesabu, Shungi ilibaki na kile ilichokuwa nacho tangu zamani: glisini, siki, fosforasi kidogo, pete tupu zisizo na mikono. Ngazi mbili za chini. Ya tatu haikuwepo. Sheria ilitaka tatu.

*

Asubuhi ambayo Chungu kilifumba mdomo wake juu ya Shungi, Mize alikuwa kwenye kigoda. Walikuwa wamemwondolea cheo cha unusaji, lakini cheo kilikuwa kinaisha saa sita mchana na ilikuwa bado asubuhi. Yai likaja, punda akaja, kiberiti, spiriti, na lozi ile yenye aibu. Mwisho kabisa, kwa mbali, ule udi. Vyote viwili pamoja, msafiri na moshi wake. Halafu mitungi ikajifunga mmoja mmoja, na Mize akasikia jinsi chumba kilivyokuwa kinanuka siku zote bila yeye kujua: zege na rangi.

Alikwenda moja kwa moja uani, akawasha jiko.

"Unafanya nini, Mpemba?" Shekue alitoka na kusimama mbali.

"Napika udi. Niletee salfa, mtungi wa nne. Na amonia kidogo, tone tu. Lozi nitachukua ile ya mwigo."

"Utatuua!"

"Sogea upande wa upepo basi, Msambaa, uwe na akili."

Aliunguza sukari mpaka ikawa nyeusi kama ngozi ya Shungi. Akatia vijiti vya udi, akatia kila alichoamkia kwa miaka miwili, kidogo kidogo, akinusa, akijiuliza bado nini. Ilikuwa harufu mbaya kuliko zote zilizowahi kutoka katika sufuria ya ukoo wao. Mbwa wa mlinzi aliondoka mwenyewe. Shekue alikohoa, akalaani, akaleta kiti.

Ukungu ulipoachia, Dokta Namkunda alikuwa amesimama hapo. Wiki tatu hawakuwa wamesemeshana ila la kazi. Mkononi alishika kitambaa cheupe kilichokunjwa pembe nne.

"Nimevunja kabati," alisema. "Wataniandikia barua."

Hakusema zaidi. Alishika pembe mbili, Mize akashika mbili, wakakitandaza juu ya chetezo. Moshi ulipanda, mzito na wa manjano, ukakijaza kitambaa mpaka kikainuka baina yao kana kwamba kuna mtu aliyelala chini yake.

"Haya," Dokta alisema. "Sasa nenda salama."

Walikichana kitambaa katikati; nusu moja akabaki nayo Dokta. Nusu nyingine Mize aliifunga katika pakiti isiyopitisha hewa, ikapanda na mizigo ya Bondeni.

Miezi minne ilipita. Siku moja mchana Ussi akapiga simu, nywele zake zimelowa, na nyuma yake Zuwena alikuwa amekaa ukingoni mwa beseni la buluu, miguu ndani, akiyapiga maji kwa nyayo na kuyaangalia yanavyopanda polepole na kushuka polepole.

"Mize," Ussi alisema huku amejiziba pua, "pakiti yako imefika. Ahsante. Lakini mbona kitambaa kinanuka zizi?"

Mize alimtazama mtoto, akatazama maji.

"Ndiyo hayo mnayooga," alisema. "Mnusishe Zuwena. Mwambie huyu ndiye Shungi, na amwambie ahsante."

Neno likaenda. Aliwaona wakiinama juu ya kitambaa, baba na binti, na uso wa Zuwena ukakunjamana, ukafunguka, ukainama tena kunusa.